Table (neno la Kiingereza)

"Table" ni neno la lugha ya Kiingereza linalojulikana zaidi kwa maana ya meza. Hata hivyo lina maana nyingine nyingi, kama vile jedwali, tambarare ya juu ya mlima na usawa wa maji yaliyo chini ya ardhi. Kama kitenzi, lina maana mbili zinazopingana: nchini Uingereza ni kuleta hoja ili ijadiliwe, lakini nchini Marekani ni kuiweka kando isijadiliwe.

Asili ya neno

Neno hili limetokana na Kilatini "tabula", yaani ubao au bamba la kuandikia. Liliingia katika Kiingereza cha Kale moja kwa moja kutoka Kilatini, kisha likapata nguvu mpya kupitia Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kabla ya hapo meza ya kulia chakula iliitwa "bord", neno ambalo leo ni "board". Kwa kuwa wajumbe wa baraza huketi kuzunguka meza, neno hilo likapewa baraza lenyewe. Ndiyo asili ya "bodi" ya Kiswahili, kama vile bodi ya shule.

Neno la Kiswahili "meza" halikutoka Kiingereza, bali Kireno "mesa". "Jedwali" limetoka Kiarabu.

Matumizi kama nomino

Maana kuu ni hizi:
- Meza, yaani samani yenye uso bapa na miguu.
- Jedwali, yaani habari zilizopangwa kwa safu mlalo na safu wima. Mfano ni jedwali la elementi, ambalo Dmitri Mendeleev alilichapisha mwaka 1869. Jedwali la nyakati, kama la treni au la vipindi vya shule, kwa Kiswahili huitwa ratiba.
- Kitu cha asili chenye uso bapa. Table Mountain karibu na Cape Town, Afrika Kusini, ulipata jina hilo kwa sababu kilele chake ni tambarare. Kimo chake ni takriban mita 1,086.
- Usawa wa maji chini ya ardhi, ambapo udongo au mwamba umejaa maji. Wachimbaji wa visima hulazimika kuufikia na kuupita.

Neno "tablet" lina asili hiyohiyo, nalo awali lilimaanisha kibao kidogo. Siku hizi ni kidonge cha dawa, na pia kishikwambi.

Matumizi kama kitenzi

Katika Bunge la Uingereza kuna meza mbele ya Spika, ambapo makatibu huketi na siwa huwekwa. Hati inayowekwa juu ya meza hiyo iko tayari kushughulikiwa. Kwa hiyo "to table" ni kuwasilisha hoja, swali au ripoti.

Nchini Marekani meza hiyohiyo ilichukuliwa kuwa mahali pa kuachia jambo. Katika Baraza la Wawakilishi, hoja ya kuweka muswada mezani haijadiliwi, na ikipita kwa kawaida muswada huo huwa umekufa.

Winston Churchill alisimulia katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili ya Dunia jinsi maofisa wa Uingereza walivyotaka waraka wao ushughulikiwe upesi, wakatumia neno hilo. Wamarekani walielewa kwamba waraka unatupwa kabatini, nao wakakataa. Mabishano makali yakaendelea kwa muda mrefu kabla ya pande zote mbili kugundua kwamba zilitaka jambo lilelile.

Afrika Mashariki

Mabunge ya Kenya, Uganda na Tanzania yalirithi utaratibu wa Uingereza. Katika taarifa rasmi za Bunge la Tanzania kuna sehemu ya hati zilizowasilishwa mezani, maana yake hati zilizoletwa mbele ya wabunge. Mtafsiri wa habari za Marekani akifuata mazoea hayo, atawaambia wasomaji kwamba muswada umewasilishwa, kumbe umezikwa. Ni lazima kwanza atazame habari imetoka nchi gani.

Misemo

Kusema jambo limefanyika "chini ya meza" ni kusema limefanyika kwa siri, hasa malipo au hongo. Kugeuza meza ni kumfanya aliyekuwa akishinda awe anashindwa; msemo huo ulitokana na michezo ya ubaoni iliyoitwa zamani "tables". Kiswahili nacho husema kibao kimegeuka.