Chifu wa Sura ya Kwanza

"Chifu, sogea nyuma!" Konda alikuwa ananiambia mimi, pale stendi ya Bunda, daftari kwapani na nauli ya kubahatisha mfukoni. Muuza karanga naye alikuwa chifu, mzee mwenye kuku naye chifu. Hiace moja, machifu saba!

Nilikuwa nakwenda Butiama kwa Bibi, na neno hilohilo ndilo lililonipeleka. Riwaya yangu (ndiyo, bado naiandika, msicheke) inaanza mwaka 1915, Wajerumani walipomweka Nyerere Burito, baba yake Mwalimu, kuwa mkuu wa Wazanaki. Katika sura ya kwanza nimemwita chifu mara kumi na moja. Mdogo wangu akamsomea Bibi, Bibi akatuma ujumbe: "Mwambie mjukuu wangu, chifu wake amewahi mno kufika."

Waingereza wanalo neno hili kila mahali. Jaji Mkuu kwao ni chifu, mkuu wa polisi ni chifu. Lilitoka Ufaransa, na maana yake ya zamani ni kichwa tu. Yule shefu wa hoteli ni neno hilohilo. Hata leso, ukiitaja kwa Kiingereza, ina chifu mkiani, maana mwanzoni ilikuwa nguo ya kufunika kichwa. Mimi wa kidato cha nne nililigundua hilo kwenye kamusi ya kuazima, nikacheka peke yangu.

Huku kwetu halikuwa la kuchekesha. Mwaka 1926, enzi ya Gavana Donald Cameron, Waingereza walitunga sheria ya kututawala kupitia wakuu wa kienyeji. Mtemi wa Wasukuma, mangi wa Wachagga, omukama wa Wahaya, wote wakatiwa kapu moja: chifu. Wenzetu hao angalau walikuwa na watawala wao tangu zamani. Wazanaki walisikiliza wazee wa rika na watu wa mvua. Kichwa kimoja cha kuwasemea wote kililetwa na serikali.

Mtoto wa kichwa hicho alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Mwaka 1963 alikuwa Rais, na serikali yake ndiyo iliyofuta mamlaka ya machifu. Kazi ikaisha, neno likabaki bila mwenyewe, makonda wakaliokota.

Bibi alikuwa anapeta mtama. "Nyumbani tulisema Mzee," akaniambia. "Chifu lilikuwa neno la siku ya kodi."

"Na wakati wa Wajerumani, Bibi?"

"Mjerumani alisema Kiingereza?"

Lo! Nilikaa kimya. Wajerumani walisema jumbe, walisema sultani. Mwaka 1915 chifu wangu alikuwa hajazaliwa.

Nimefuta yote kumi na moja. Neno nimelihamishia sura ya nne, siku ya kodi, na anayelitamka ni karani.