Mafrere wa Mapendo na Wagonjwa wa Akili

Tukihesabu kazi za mapendo katika inchi yetu, tunataja shule na dispanseri. Wagonjwa wa akili tunawataja mwisho, pengine hatuwataji kabisa. Hata hivyo historia yao ni ya zamani.

Huko Gent, Ubelgiji, Padri Petrus Jozef Triest alianzisha shirika la Mafrere wa Mapendo mwaka wa 1807. Siku zile wanaume wenye wazimu walifungwa minyororo ndani ya jumba la kale la mawe, chini kwenye giza. Mwaka wa 1815 Mafrere wakapewa kuwatunza, wakawafungulia. Tangu 1828 mganga Joseph Guislain alifanya kazi pamoja na Triest, naye alifundisha ya kuwa mtu huyo ni mgonjwa kama wagonjwa wengine.

Mafrere walifika Kongo mwaka wa 1911. Bukavu, kituo chao cha SOSAME kilianza mwaka wa 1994, wakati wakimbizi wa Rwanda walipojaa mji. Halafu vita vya 1996 na 1998 vikaleta watu wengine waliojeruhiwa moyoni.

Tunajua desturi ya jamaa zetu: kwanza kwa mfumu, kisha chumba cha maombi, mwishoni kamba miguuni. Hatuwahukumu, kwani njia ni mbali na dawa hulipwa. Lakini wengine husema kamba ni ya lazima mpaka dawa zipatikane. Dawa za kutuliza wazimu zilianza kutumiwa mwaka wa 1952. Minyororo ya Gent ilikuwa imekwisha kufunguliwa miaka 137 mbele yake.