Shinikizo la Juu la Damu na Chumvi ya Uvinza

Huku Buzebazeba, Kigoma, mtu akisema "nina presha", hakuna anayemuuliza presha ipi. Kitaalamu, hata hivyo, hajasema kitu, maana kila aliye hai anayo. Damu isiyosukuma kuta za mishipa ni ya maiti. Kinachougulisha ni kiasi, na ndiyo sababu istilahi kamili ni shinikizo la juu la damu. Ajabu ni kwamba maneno yanayoachwa kila siku, hata na watu waliosoma, ni hayo ya "la juu", ambayo ndiyo ugonjwa wenyewe.

Kiswahili hakikukosa maneno ya dhana hii. Kinayo mengi mno. Mwalimu wa fizikia hufundisha kanieneo, yaani kani ikigawanywa kwa eneo, neno lililoundwa kwa akili nyingi na ambalo halijawahi kutoka nje ya darasa. Mtabiri wa hali ya hewa ana mgandamizo wake. Wapo pia wanaoandika msukumo wa damu. Matabibu walishika shinikizo, na kwa maoni yangu hawakukosea. Katika kamusi za zamani shinikizo ni chombo, mtambo wa kubana vitu ili vitoe majimaji au mafuta. Mtu wa Kigoma, nchi ya michikichi, hahitaji maelezo zaidi: matunda yaliyochemshwa hutiwa ndani, skrubu hukazwa, mawese yakatoka. Mtambo unaokazwa kupita kiasi usiku na mchana huchakaa wenyewe, na mishipa nayo huchakaa hivyo hivyo, bila maumivu, mpaka siku figo, moyo au ubongo unapodhurika.

Kipimo nacho kina historia yake. Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alibuni mkanda wa mkononi mwaka 1896, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha namna ya kusikiliza mapigo chini ya mkanda huo. Tangu hapo tunaandikiwa namba mbili, kwa milimita za zebaki: ya kwanza ni pale moyo unapojikaza, ya pili ni pale unapolegea. Zikifika 140 kwa 90, na zikarudia hivyo siku tofauti, mtu huhesabiwa kuwa na ugonjwa.

Presha, kwa upande wake, imepita njia nyingine. "Usinipe presha." "Ada za shule zinanipa presha." Neno limehamia kwenye hasira na mawazo, kwa hiyo chanzo cha ugonjwa nacho hutafutwa huko huko. Mazungumzo ya aina hii si mageni kliniki:

"Mama, presha yako iko juu."

"Kwa lipi, mwanangu? Leo hata sijagombana na mtu."

Mama anajibu kwa haki kabisa, kwa maana ya neno analolijua. Hasira hupandisha namba kweli, lakini kwa muda. Kinachozishikilia juu mwaka hadi mwaka ni mambo mengine: umri, kurithi, unene, pombe, na kile kinachoingia kwenye sufuria.

Na cha kwanza kuingia ni chumvi. Mkoa huu una chumvi yake. Uvinza, mashariki mwa Kigoma kwenye reli ya kati, pana chemchemi za maji ya chumvi karibu na mito Ruchugi na Malagarasi, na uchimbaji wa akiolojia wa miaka ya 1960 ulionyesha kwamba watu walikuwa wakiyachemsha hapo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Katika karne ya 19 chumvi hiyo ilikuwa bidhaa ya misafara, ikafika Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika. Kitu kilichobebwa mbali kiasi hicho hakitupwi kwa konzi. Siku hizi pakiti iko kila kibanda, bei ya chini, na mkono umekuwa mwepesi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, takribani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa kwenye mkate na mchuzi. Wastani wa dunia ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Wanaohofia kukosa madini joto na kurudi kwenye tezi la shingo wasiwe na shaka: chumvi iliyochanganywa ipasavyo hutosheleza hata ikiliwa kwa kiasi hicho.

Mkosaji ndani ya chumvi ni sodiamu. Huvuta maji, figo zisipoweza kuitoa yote, maji hubaki nayo, damu huongezeka ujazo, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Hapa istilahi ina kazi ya jikoni. Mgonjwa akiambiwa "punguza chumvi" atapunguza chumvi, huku magadi yakiendelea kulainisha maharage na kisamvu, na unga wa viungo wa pakiti ukiendelea kunogesha mchuzi. Kwa ulimi hivyo si chumvi, lakini vyote vina sodiamu. Chumvi ya kawaida bado ndiyo yenye lawama kubwa. Magadi nayo yahesabiwe.

Dagaa wa ziwani wamesingiziwa bure. Walioanikwa juani Katonga au Kibirizi bila kutiwa kitu hawana sodiamu ya kutisha, maana wametoka maji baridi. Chumvi huwakuta kikaangoni. Samaki wa chumvi ni habari nyingine: walowekwe, maji yamwagwe, na mpishi asiongeze tena.

Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililoitwa DASH, la watu wazima 459. Kwa wiki nane baadhi yao walilishwa matunda na mboga kwa wingi, pamoja na maziwa yasiyo na mafuta mengi. Chumvi haikupunguzwa, wala hawakutakiwa kupungua uzito. Kwa waliokuwa na shinikizo la juu, namba ya kwanza ilishuka kwa wastani wa takribani 11 wakilinganishwa na waliokula chakula cha kawaida cha Kimarekani. Jaribio la 2001 likapunguza na chumvi, namba zikashuka zaidi. Tatizo la kulieleza jambo hili mtaani ni neno "dayati", ambalo kwetu ni kujinyima ili mwili upungue. Lishe ni neno la haki zaidi, kwa kuwa hapa mtu anaongeza: maharage, mchicha, ndizi, parachichi, vyakula vyenye potasiamu inayosaidia figo kutoa sodiamu. Soko la Ujiji halikosi vitu hivyo. Mwenye figo mbovu asianze kabla ya kumwona daktari, kwani kwake potasiamu nyingi ni hatari.

Mawese nayaweka kando, ingawa najua nitaulizwa. Karibu nusu ya mafuta yake ni yale mazito yanayopandisha lehemu, na lehemu huziba mishipa. Hiyo ni kesi ya pili. Kijiko badala ya upawa kinatosha kuimaliza kwa sasa.

Kinachonisumbua zaidi ni vitenzi viwili, kupanda na kushuka. Mtu akiona kizunguzungu, jirani humwambia ni presha ya kushuka na kumkorogea maji ya chumvi, kabla ya mkanda wowote kufungwa mkononi. Kizunguzungu hicho kingeweza kuwa njaa, malaria, upungufu wa damu, au shinikizo la juu lenyewe. Na yule wa vidonge, akiambiwa "imeshuka", huelewa kwamba imekwisha. Vidonge huwekwa kabatini na chumvi hurudi mezani. Watabibu wana neno lingine, imedhibitiwa, na lingefaa kuandikwa kwenye kadi badala ya "imeshuka", kwa sababu kilichodhibitiwa kinaeleweka kwamba kikiachiwa hurudi.