Madini Mazito Shambani na Mazao ya Jamii ya Kunde

Leo tutazungumza kuhusu maharagwe, kunde, ndengu, mbaazi na njugu, na kuhusu sumu isiyoonekana ambayo inaweza kukaa katika udongo tunamoipanda mimea hii.

Kliniki ya watoto haiishi bila kutaja maharagwe. Tunawaambia kina mama wampe mtoto maharagwe yaliyopondwa kwa sababu yanajenga mwili na yana madini ya chuma ya kuongeza damu. Kwa hivyo ni haki mama ajue pia maharagwe hayo yamemea wapi.

Tuanze na historia. Wakulima wa zamani walijua kwamba shamba lililopandwa kunde hutoa mahindi mazuri msimu unaofuata, lakini hawakujua sababu. Mwaka 1886 Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walieleza kwamba mimea ya jamii ya kunde hupata naitrojeni kutoka hewani kwa kupitia vinundu vilivyo kwenye mizizi yake. Mwaka 1888 Mholanzi Beijerinck aliwatenga bakteria wanaoishi ndani ya vinundu hivyo. Bakteria hao huitwa raizobia. Mmea huwapa chakula na makao, nao hulipa kwa kuutengenezea mmea mbolea. Ukichimbua haragwe lenye afya na kukikata kinundu chake, utaona ndani kuna rangi ya waridi.

Sasa twende Uingereza, mahali panapoitwa Woburn, ambapo kituo cha utafiti cha Rothamsted kilikuwa na shamba la majaribio. Mwaka 1942, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, watafiti walianza kutia tope la maji taka kwenye baadhi ya vipande vya shamba hilo. Vipande vingine vilitiwa samadi au mbolea ya kawaida. Nia ilikuwa njema, kwa maana tope hilo lina rutuba nyingi. Lakini tope la mjini huchanganyika na uchafu wa viwanda, na ndani yake mlikuwa na zinki, shaba, nikeli na kadimiamu. Mwaka 1961 waliacha kutia tope hilo.

Zaidi ya miaka 20 ilipita. Katika miaka ya 1980 wanasayansi walirudi kuupima udongo ule. Kwanza walikuta kwamba viumbe vidogo vya udongoni vilikuwa vimepungua hadi karibu nusu. Kisha wakapanda klova nyeupe, majani ya malisho ambayo ni ya jamii moja na kunde zetu. Kwenye vipande vilivyotiwa samadi, klova ilistawi. Kwenye vipande vya tope ilidumaa. Ilipoongezwa mbolea ya naitrojeni ilikua vizuri, kumbe kilichokosekana ni ile mbolea ya bakteria! Mizizi ilikuwa na vinundu, lakini vilikuwa vidogo na havikufanya kazi. Raizobia wazuri walikuwa wamekufa kwa sababu ya madini yale, wakabaki wale tu wanaokula chakula cha mmea bila kulipa chochote.

Msikilizaji, funzo la Woburn ni hili: madini mazito hayaozi. Takataka za jikoni huoza zikawa mbolea, na hata dawa nyingi za wadudu huisha nguvu baada ya muda. Lakini risasi au kadimiamu ikishaingia katika udongo, hukaa miaka na mikaka. Aliyeileta anaweza kuondoka, shimo likafukiwa, majani yakaota juu, na sumu bado ipo.

Hapa kwetu Kenya hadithi hii si ngeni. Mwaka 2007 ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, kuhusu jaa la taka la Dandora, Nairobi, ilionyesha kwamba kati ya watoto 328 waliopimwa, nusu walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Mwaka huo huo, katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kilianza kazi kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari. Kilifungwa mwaka 2014, lakini risasi ilikuwa imeshaingia katika udongo na katika miili ya watu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikawapa haki yao Desemba 2024. Fidia hulipwa kwa fedha, lakini akili ya mtoto iliyodhoofishwa na risasi hairudi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Je, sumu hii humfikiaje mlaji? Risasi nyingi hubaki kwenye mizizi, na ni kidogo tu inayofika kwenye mbegu iliyo ndani ya ganda. Hatari kubwa ni vumbi linalotua juu ya majani, na sisi hula majani ya kunde kama mboga. Kadimiamu ni tofauti. Yenyewe hupanda kwa urahisi zaidi, na njugu na soya zinaweza kuiweka hata kwenye mbegu. Ikizidi mwilini huharibu figo na mifupa.

Tufanye nini basi?

Kwanza, usipande chakula karibu na gereji, mahali pa kuvunjia betri, jaa la taka au mtaro wa maji ya viwanda.

Pili, osha majani ya kunde kwa maji safi mara kadhaa. Kuchemsha huua viini vya kipindupindu, lakini hakuondoi risasi.

Tatu, tia samadi iliyooza vizuri, na chokaa ikiwa udongo ni chachu. Hivi hupunguza madini yanayoingia kwenye mmea. Vinundu visivyo na rangi ya waridi vinaweza kuwa na sababu nyingine pia, kwa hivyo muulize afisa wa kilimo jinsi ya kupimiwa udongo.

Nne, mpe mtoto chakula chenye madini ya chuma na kalisi, kwani mwili uliopungukiwa na madini hayo hunyonya risasi zaidi. Na wewe mama mjamzito, acha kula udongo.

Mwisho, ikiwa mtoto ameishi karibu na mahali kama hapo, ana upungufu wa damu, anaumwa na tumbo mara kwa mara, au anachelewa kujifunza, mpeleke kituo cha afya na umweleze mhudumu mnakoishi. Usingoje aseme mwenyewe.

Maharagwe bado ni chakula bora, msikilizaji. Tuyapande mahali palipo safi. Kinga ni bora kuliko tiba.