Kaa wa Vilindini

Mabaharia wa pwani huliita kilindi pale ambapo pondo haifiki chini, na bandari ya Kilindini ilipata jina lake kwa neno hilo. Lakini vilindi vinavyosimuliwa hapa ni vya namna nyingine: maji yake ni baridi mno, na nuru ya jua haivifikii kabisa.

Mwaka 1841 na 1842 Edward Forbes, mtaalamu wa Kiingereza, alikokota wavu wake chini ya Bahari ya Aegean. Kadiri alivyozidi kwenda chini alipata viumbe wachache zaidi, akakisia ya kuwa chini ya pima 300 hapana uhai. Wanazuoni wengi wakalishika neno lake. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi, kwani kiumbe gani angeweza kupata riziki gizani pasipo mmea hata mmoja? Lakini Forbes alipima bahari moja tu, nayo ni maskini wa viumbe.

Mwaka 1860 waya wa simu uliolazwa baharini baina ya Sardinia na Algeria uliinuliwa kutoka zaidi ya pima 1,000, nao umegandamwa na wanyama. Ushahidi huo ulikuwa mzito: mnyama aliyeota juu ya waya hawezi kudaiwa kuwa aliingia wavuni njiani. Kisha merikebu Challenger, iliyosafiri tangu 1872 hata 1876, ikaleta viumbe wengi kutoka vilindi vya bahari kuu.

Albert, mtawala wa Monaco, aliyeanza safari zake za utaalamu mwaka 1885, aliona kwamba viumbe wepesi huukwepa wavu wa kukokota. Akateremsha madema yenye chambo. (Wavuvi wetu wasingalistaajabu!) Miongoni mwa viumbe wa safari zake alikuwamo kaa mkubwa mwekundu, mwenye miiba mirefu. Mwaka 1894 Wafaransa Milne-Edwards na Bouvier wakampa jina la ukoo wa mtawala huyo: Neolithodes grimaldii.

Kaa huyu hukaa Atlantiki ya Kaskazini. Ukimhesabu miguu ya kutembelea utaona jozi tatu tu. Jozi ya mwisho ni ndogo, imefichwa chini ya gamba. Yeye ni jamaa ya wale kaa wadogo waishio ndani ya makombe ya konokono. Na riziki yake? Katika vilindi hivyo wanyama hutegemea mabaki na mizoga inayoshuka mchana na usiku kutoka maji ya juu, kule kunakofika jua.