Kifo Kimoja Kati ya Vingi: Upelelezi katika London Wakati wa Vita

Wahenga wamenena kwamba kifo cha wengi harusi. Msiba ukiwapata watu wote pamoja, uchungu wa kila mmoja hupungua. Methali hii ni faraja kwa wafiwa, lakini wakati wa vita mwuaji naye aweza kuifanya maficho yake. Baina ya Septemba 1940 na Mei 1941 mabomu ya Wajerumani yaliwaua raia zaidi ya 40,000 katika Uingereza. Maiti moja zaidi chini ya kifusi ingemshangaza nani?

Tarehe 17 Julai 1942, wafanya kazi waliokuwa wakisafisha magofu ya kanisa la Wabatisti huko Vauxhall, kusini ya London, waliinua bamba la jiwe wakaona mifupa ya mtu. Ilidhaniwa kwanza kuwa ni ya mtu aliyeuawa na bomu. Inspekta Hatton na Inspekta Keeling hawakuiridhia dhana hiyo upesi. Waliipeleka mifupa kwa Dakta Keith Simpson, bingwa wa uchunguzi wa maiti. Yeye aliona kuwa kichwa na viungo vilikuwa vimekatwa, na mwilini mlikuwa na chokaa. Bomu huvunja na kutawanya. Halimziki mtu chini ya bamba, wala halimnyunyizii chokaa.

Wapelelezi wakarejea habari za watu waliopotea. Katika nyumba iliyopakana na kanisa aliwahi kuajiriwa Harry Dobkin, mlinzi wa moto. Mkewe Rachel, aliyeishi mbali naye na kumdai fedha za matunzo kwa miaka mingi, alitoweka Aprili 1941. Ndugu yake alitoa habari kwa polisi mara moja, lakini hakuonekana. Siku chache baadaye moto uliwaka chini ya kanisa lile.

Ilibaki kuthibitisha kuwa mifupa ile ni ya Rachel. Daktari wake wa meno alikuwa ameandika kila kazi aliyomfanyia, na maandishi yake yalilingana na taya ya juu. Picha yake ya uhai ilipowekwa juu ya picha ya fuvu, zilioana. Uvimbe uliojulikana na waganga waliomtibu ulionekana katika tumbo la uzazi. Tena, chokaa ile ilikuwa imekwisha kuzimwa, nayo, badala ya kuuozesha mwili, iliihifadhi koo. Humo mlikuwa na mfupa mwororo uliovunjika na damu iliyoganda, dalili ya kunyongwa kwa mikono.

Dobkin alihukumiwa Novemba 1942. Juri ilitumia dakika 20 tu kukubaliana. Alinyongwa Januari 1943.

Katika nchi iliyokuwa ikizika maelfu, kazi ya mpelelezi yaweza kuonekana ndogo. Lakini mabomu yaliwafanya wafu kuwa hesabu, na upelelezi ulimtoa mmoja katika hesabu hiyo ukamrudishia jina lake. Mfiwa ana ruhusa ya kujifariji kwa methali, sheria haina.