Kiti cha pili: ajali ya Kwale na kumbukumbu za marubani

Jumanne, Oktoba 28, 2025, majira ya saa mbili na nusu asubuhi, ndege ndogo aina ya Cessna Caravan iliyosajiliwa 5Y-CCA ilianguka na kuteketea Tsimba Golini, kaunti ya Kwale, muda mfupi tu baada ya kuruka kutoka uwanja wa Ukunda, Diani. Ilikuwa ndege ya Mombasa Air Safari, ikielekea Kichwa Tembo, Maasai Mara. Taarifa za kwanza zilisema waliokuwemo ni watu 12, baadaye ikathibitishwa ni 11: watalii 8 wa Hungaria, 2 wa Ujerumani, na rubani Mkenya. Hakuna aliyenusurika.

Habari ilishuka Mwembe Tayari, Mombasa, kabla ya adhuhuri. Mahali hapa watu husafiri kwa basi, na wengi wanaokaa kwa muuza kahawa hawajawahi kupanda ndege maishani. Lakini kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kuieleza ajali hiyo: mvua, injini, uzembe, kudra. Aliyenyamaza ni mzee mmoja tu, rubani mstaafu ambaye wenzake barazani bado humwita Kapteni. Aliniomba nisiandike jina lake, na amekuwa mwongozaji wangu katika makala haya. Aliposikia habari hakuuliza ni akina nani wamekufa. Aliuliza mawingu yalikuwa yamekaa futi ngapi.

Baadaye alinieleza kwa nini. Ukiruka Ukunda kwenda bara, vilima vya Shimba vinakungoja karibu mno. Havina urefu wa kutisha, lakini upepo wa bahari ukivipanda asubuhi hubeba unyevu ambao hugeuka kuwa wingu, hasa vuli inapoanza. Rubani hutoka kwenye jua la ufuoni akakuta weupe mtupu mbele yake baada ya dakika chache. Kapteni hakusema kwamba hilo ndilo lililotokea. Marubani wa kweli hawakimbilii kumhukumu mwenzao aliyekufa. Wanasema waliyoyaona wenyewe mahali hapo, kisha wanasubiri ripoti.

Halafu wanakumbuka ajali zilizopita, na kwa upande huu wa nchi kumbukumbu hizo huanzia Voi.

Ndege za watu binafsi zilianza kuruka Kenya katikati ya miaka ya 1920, zikiletwa vipande vipande kwa meli hadi Kilindini. Wa kwanza kuzirusha walikuwa walowezi wenye pesa zao, na vifo havikukawia: Maia Carberry, mwanamke wa kwanza kuwa rubani Kenya, alikufa Nairobi Machi 1928 pamoja na mwanafunzi aliyekuwa akimfundisha. Mwaka uliofuata Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways, na jina lake limebaki hadi leo kwenye uwanja wa Wilson.

Mei 1931, Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza aliyekuwa na nyumba Takaungu, aliruka na Gipsy Moth yake kuja pwani. Ilikuwa ndege ya mbao na kitambaa, yenye viti viwili vya wazi, kimoja mbele ya kingine. Alikuwa na mpango mpya: kurudi kupitia Voi na kuwatafuta ndovu kutoka angani, ili wateja wake wa safari za uwindaji wasipoteze siku wakifuata nyayo. Huku pwani propela iligonga matumbawe ikavunjika ncha, ikabidi atume Nairobi kuomba nyingine. Alipoipata aliruka hadi Voi akalala kwa mkuu wa wilaya.

Asubuhi ya Mei 14 aliruka tena. Ndege ilizunguka mara mbili juu ya Voi, ikaanguka ghafla na kulipuka moto. Wasimulizi wa mkasa huo husema wenyeji wake walikuwa wamempa machungwa ya njiani, na kwamba machungwa hayo yalibiringika kutoka kwenye moto yakiwa meusi. Chanzo hakikupata kujulikana.

Hapo ndipo panapoanza ubishi ambao haujaisha, kuhusu kiti cha pili. Karen Blixen, mwenye shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, aliandika kwamba yeye ndiye aliyeomba kwenda katika safari hiyo. Finch Hatton alikubali, kisha akabadili mawazo kwa kuwa wangelala porini na ilimlazimu kumchukua mtumishi. Beryl Markham naye, aliyekuwa akijifunza urubani wakati huo, aliandika kwamba yeye ndiye aliyealikwa kwenda kuangalia ndovu, na kwamba mwalimu wake, Tom Campbell Black wa Wilson Airways, alimsihi aiahirishe safari, ingawa hakuwa na sababu ya kueleza. Vitabu vya wanawake hao wawili vimesomwa dunia nzima, na wasomaji wamegawanyika. Wa Blixen wanamwona Markham kuwa mtia chumvi, na wa Markham wanasema ni yeye aliyeijua ndege. Kapteni yuko upande wa Markham. Anasema rubani anayeishi muda mrefu ni yule anayekubali kuzuiwa bila kudai sababu, na kwamba wakufunzi wake walikuwa wakimrudisha chini kwa kuangalia uso wake tu.

Mimi ubishi huo umenichosha kwa jambo moja. Kiti hicho kilikuwa na mtu. Alikaa Kamau, mtumishi Mkikuyu wa Finch Hatton, na aliungua pamoja na bwana wake. Finch Hatton alizikwa Ngong, na nduguye akamjengea mnara. Kamau visimulizi vingi vinamtaja kwa jina hilo moja, katika sentensi moja, kisha vinarudi kwa wanawake wawili waliookoka. Hapa Mwembe Tayari tuna sanamu za askari zilizosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza, maelfu ya watu ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa. Napita hapo kila siku, na Kamau namhesabu kati yao.

Tom Campbell Black mwenyewe hakuzeeka. Septemba 1936, katika uwanja wa Speke, Liverpool, alikuwa ardhini ndani ya ndege yake pale ndege ya jeshi iliyokuwa ikitua ilipomvaa na kumuua. Mwezi huohuo Markham alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza.

Ajali za karibuni Kapteni huzitaja kwa haraka, huku akihesabu kwa vidole. Marsabit, Aprili 2006, ndege ya jeshi aina ya Y-12: watu 14, wakiwemo wabunge. Ngerende, Mara, Agosti 2012, ndege aina ya LET 410, nayo ya Mombasa Air Safari: marubani 2 na watalii 2 wa Ujerumani. Aberdare, Juni 2018, Caravan ya FlySax kutoka Kitale, iligonga mlima ikielekea Nairobi na ikatafutwa siku mbili: watu 10. Machi 2024, ndege ya Safarilink iliyokuwa ikija Diani iligongana angani na Cessna ya mafunzo juu ya mbuga ya Nairobi. Ile kubwa ilirudi salama, mwalimu na mwanafunzi wa ile ndogo wakafa. Januari 2025, ndege ya mafunzo iliangukia barabara kuu Malindi. Waliokuwa ndani walipona, na watu 3 waliokuwa wakipita zao wakauawa.

Jambo linalomuuma Kapteni, na ambalo wasomaji wengi hawalijui, ni kwamba ndege kama Caravan hailazimiki kubeba kisanduku cheusi. Kanuni za kimataifa huzitaka ndege za injini za tabo zenye uzito wa zaidi ya kilo 5,700 zirekodi mwenendo wa safari, na Caravan haifiki kilo 4,000. Ikiteketea, wachunguzi hubaki na chuma kilichoyeyuka, rekodi za rada kama zipo, maneno ya redio, na wakulima waliosikia mshindo. Vifaa vidogo vya kurekodi vipo madukani siku hizi, na bei yake ni ndogo mbele ya bei ya ndege. Kuendelea kuwabeba watalii na Wakenya kila siku bila vifaa hivyo, ati kwa kuwa sheria haijavitaka, ni aibu.

Kanuni hizohizo zinaitaka nchi itoe ripoti ya awali ndani ya siku 30 na ripoti kamili ndani ya miezi 12, na kama haijakamilika itoe maelezo ya hatua iliyofikiwa kila mwaka. Shabaha ya uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kumtafuta wa kumtwika lawama. Kwetu kelele huwa nyingi wiki ya kwanza: viongozi hufika, kamera hufuata, miale ya simu humulika majivu. Ripoti ikitoka haina msomaji, hata sisi waandishi tukiwa tumeshahamia habari nyingine.

Kapteni ameshaandika pembeni mwa gazeti la siku ile anachotaka kukikuta kwenye ripoti ya Tsimba Golini: wingu lilikuwa limeshuka hadi wapi, rubani aliambiwa nini kuhusu hali ya hewa kabla ya kuruka na nani alimwambia, ndege ilifika futi ngapi, ilikuwa ikipanda au ikigeuka, na kama ilikuwa ikigeuka, ilikuwa ikielekea wapi.